Utoro Kazini: Tuulize Kwanza, Tuhukumu Baadaye

(Hotuba ya mwenezi wa chama mbele ya wanachama wafanyakazi, wanyapara na waajiri wadogo)



Nimetakiwa kusema nanyi juu ya jambo ambalo halisikiki sana majukwaani, lakini huletwa mara nyingi katika ofisi zetu za tawi. Jambo lenyewe ni utoro kazini. Mtu hakufika kazini siku moja, au siku tatu, au juma zima, wala hakuomba ruhusa. Siku anayorudi anamkuta mlinzi wa lango akimwambia, "Wewe huna kazi hapa, jina lako limekwisha futwa." Mtu huyo huja tawini ana hasira. Kesho yake mwajiri wake, ambaye pengine naye ni mwanachama, huja ana hasira vile vile. Kila mmoja anataka chama kimwambie kwamba yeye ndiye mwenye haki.

Mimi nimesomea ualimu. Mwalimu akiita majina asubuhi, na mtoto mmoja asiitike, mwalimu hasemi, "Huyu ameacha shule." Huwauliza wenzake, "Nani anajua habari zake?" Pengine ataambiwa ni mgonjwa, pengine ataambiwa ameonekana mtoni anavua samaki. Hayo ni mambo mawili mbali mbali, na mwalimu mwenye akili hatayatendea sawa. Lakini asingeyajua kama asingeuliza.

Hilo ndilo neno langu la leo. Mtu asiyeonekana kazini hajawa bado mtu aliyeacha kazi. Kwanza aulizwe, apewe nafasi ya kujibu, jibu lake lipimwe, ndipo hukumu ije. Na mfanyakazi naye ajue kwamba siku asiyofika bila kutuma habari, kuna mwenzake anayebeba mzigo wa watu wawili. Mwajiri anadaiwa kuuliza, na mfanyakazi anadaiwa kutoa habari. Kila upande ukilipa deni lake, mashauri mengi yanayoletwa tawini yatakwisha kabla hayajaanza.

Yafaa tukumbuke neno hili "mtoro" limetoka wapi. Zamani katika pwani yetu mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Katika karne ya 19 watoro wa mashamba ya pwani ya Kenya walijenga vijiji vyao wenyewe, kama Fuladoyo, wakaishi huko kama watu huru. Basi neno lenyewe lilizaliwa katika utumwa, na maana yake ilikuwa mali ya mtu imepotea.

Utumwa ulipoondoka, serikali ya kikoloni haikuliacha neno hilo lilale. Katika Tanganyika ilitungwa sheria ya mwaka 1923 juu ya mabwana na watumishi wenyeji, na kwa sheria hiyo mtu aliyeuacha mkataba wa kazi kabla ya siku zake aliweza kushtakiwa kama mhalifu na kutozwa faini au kufungwa jela. Angalieni jambo hilo vizuri.  Mtumishi akivunja ahadi ya kazi, hilo lilikuwa kosa la jela. Kule Kenya, tangu mwaka 1920, wanaume Waafrika walivishwa kipande katika kikopo cha bati shingoni, na ndani yake yaliandikwa majina ya mabwana waliowaajiri, ili aliyetoroka apate kukamatwa popote alipo. Katika mashamba yetu ya mkonge kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Siku ambayo mtu hakumaliza kazi yake haikuhesabiwa, na mshahara haukutoka mpaka siku zote 30 zitimie. Manamba aliyetoka mbali, Kigoma au Songea, akiugua homa Tanga, mwezi wake uliweza kuwa mrefu kuliko mwezi wa kalenda.

Dunia nayo ilikuja kuliona jambo hili. Mwaka 1955 mkutano wa Shirika la Kazi Duniani ulipitisha mkataba wa kufuta adhabu za jinai kwa wafanyakazi wenyeji waliovunja mikataba yao ya kazi. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1964 ya kulinda ajira ilileta Kamati za Wafanyakazi mahali pa kazi, ikaweka na orodha ya makosa na adhabu zake, ili bwana asiweze tena kuamka na hasira zake na kumwambia mtu aondoke saa ile ile. Sheria hiyo nayo imekwisha kuondoka, na mahali pake pana sheria nyingine nitakayoieleza. Lakini nimeyataja haya ili tujue kwamba haki ya kuulizwa kabla ya kufukuzwa haikudondoka kutoka mbinguni. Wazee wetu waliidai.

Sasa ndugu zangu, msinielewe vibaya. Wako watu wakisikia habari za kipande na jela hupiga makofi, kisha kesho yake wanabaki vilabuni saa tatu asubuhi wakisema, "Mkoloni amekwenda." La, hasha! Wazee waliosema "Uhuru na Kazi" hawakusema uhuru na utoro. Tuulizane: mtu akikosa kazini, anayeumia ni nani?

Wengi hudhani anayeumia ni tajiri peke yake. Twende hospitalini. Muuguzi wa zamu ya usiku amekesha, anangoja mwenzake wa asubuhi. Mwenzake haji, wala hakutuma habari. Huyu aliyekesha hawezi kuwaacha wagonjwa, basi anaendelea mpaka mchana, macho yamejaa usingizi, mkononi ana dawa za kugawa. Twende katika kinu cha kuchambua pamba. Mashine inataka watu wanne, wako watatu; ama isimame, ama watatu wafanye kazi ya wanne kwa mshahara ule ule, na hatari ya kukatwa mkono iongezeke. Huyo tajiri aliye mbali huenda asijue habari hizo mpaka mwisho wa mwezi. Mwenzako anazijua saa ile ile.

Au twende shuleni, mahali ninapopajua zaidi. Mwaka 2014 Benki ya Dunia na wenzake walipeleka wachunguzi katika shule za msingi za Tanzania bila kutoa taarifa ya siku. Walikuta kwamba katika kila walimu 100, kama 14 hawakuwapo shuleni. Hesabu hiyo ni mbaya, lakini iko ya pili iliyo mbaya zaidi: kama 47 katika 100 hawakuwapo darasani. Maana yake wengi walikuwapo shuleni, majina yao yamo katika daftari, lakini darasa halina mwalimu. Pengine walikuwa ofisini na kazi za ofisi, pengine chini ya mwembe. Daftari la mahudhurio liliuona mwili ukiingia langoni, likaandika kwamba kazi imefanyika. Mtoto aliyekaa mbele ya ubao mtupu ndiye aliyejua ukweli.

Basi utoro ni jambo kubwa, na mkubwa wa kazi anayeufumbia macho anawaonea wale wanaofika. Ila kuupiga vita hakutaki hasira. Kunataka kujua chanzo.

Vyanzo vya kukosa kazini ni vingi. Yuko aliyeugua ghafula usiku. Yuko aliyefiwa. Yuko mama ambaye mtoto wake ameshikwa na degedege alfajiri. Yuko ambaye mvua imekata barabara na basi halikupita. Yuko ambaye mshahara wa miezi miwili haujalipwa, naye hana nauli ya kumfikisha kwenye kazi isiyolipwa. Yuko anayetukanwa na nyapara kila siku, akaona heri alale nyumbani. Na yuko, tuseme kweli, ambaye jana alilewa, au amepata kibarua kingine cha siku mbili na anataka kula huku na huku. Katika daftari watu hawa wote saba wana alama moja tu, alama ya kutokuwapo. Ukiwapa wote adhabu moja, utamwonea mgonjwa na kumchekesha mlevi.

Tena wako wanaokosa kazini kwa sababu hawajui kwamba sheria ilikwisha kuwapa nafasi. Nasema habari za Tanzania Bara, maana Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005. Kwa Bara tunayo Sheria ya Ajira na Uhusiano Kazini ya mwaka 2004. Kwa sheria hiyo mwajiriwa, kwa kawaida akiisha kupita miezi 6 kazini, ana likizo ya mwaka ya siku 28. Akiugua, ana ruhusa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na siku 63 za pili kwa nusu mshahara, akileta cheti cha mganga anayetambuliwa. Mama akijifungua ana siku 84 zisizopungua, na akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja, siku 100. Baba naye ana siku 3 mtoto wake anapozaliwa. Tena ziko siku 4 za malipo kwa ajili ya mtoto aliyeugua au kufariki, au kifo cha mume, mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada.

Hesabuni ninyi wenyewe ni misiba mingapi mwanachama amekwenda kwa kujiiba, akakatwa mshahara, akaandikwa mtoro, na huku siku zake 4 zimelala katika sheria bila kuguswa. Kosa hapo ni la nani? Mfanyakazi hakuuliza, na mwajiri hakumwambia. Mwajiri asiyebandika ukutani taratibu za kuomba ruhusa asishangae watu wakiondoka bila ruhusa. Hawajui wamwombe nani.

Na hapa nitoe onyo dogo. Wakati wa kudai haki kwa pamoja, wafanyakazi wakifuata hatua zote za sheria na kugoma kwa halali, hao si watoro. Mwajiri asichukue daftari la mahudhurio na kuligeuza rungu la kuwapigia. Lakini watu wachache wakikaa nyumbani bila kufuata hatua yo yote, kisha wakasema walikuwa katika mgomo, sheria haitawakinga.

Sasa nifike mahali penye ugomvi. Waajiri wengi wamesikia kwamba kuna "siku tano". Wanasema, "Amekosa siku tano, basi amejifukuza mwenyewe." Maneno haya mawili, "amejifukuza mwenyewe", yamewafanya watu wengi walale njaa, nayo si ya kweli.

Kanuni za utendaji bora zilizotolewa na Serikali mwaka 2007, chini ya sheria ile niliyoitaja, zasema kwamba kukosa kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa au bila sababu inayokubalika ni kosa kubwa ambalo laweza kumfanya mtu aachishwe kazi. Soma polepole. Kanuni yasema zaidi ya siku 5, haisemi siku 5. Yasema siku za kazi, basi siku za mapumziko hazimo. Yasema bila sababu inayokubalika, na sababu haiwezi kukubaliwa wala kukataliwa kabla haijasikiwa. Tena yasema laweza. Haisemi kwamba lazima. Siku ya sita inafungua mlango wa kumshtaki mtu. Haijamhukumu.

Tuuchukue mfano ule wa kinu cha pamba, tuone mambo yaende namna gani. Tuseme mtu mmoja hakuja Jumatatu. Siku hiyo hiyo nyapara ampigie simu, awaulize wenzake wanaokaa jirani naye. Hilo halina gharama. Jumanne na Jumatano kama hapana habari, mtu atumwe nyumbani kwake, au apelekewe barua kwa anwani aliyoiandika siku ya kuajiriwa, ikimtaka arudi kazini au aeleze sababu. Nakala ya barua ibaki ofisini, tarehe iandikwe, na aliyeipeleka aandike jina lake. Watu hudharau mambo haya ya karatasi, lakini siku ya shauri karatasi ndiyo itakayosema.

Tuseme amerudi siku ya pili au ya tatu. Asikilizwe. Kama ana cheti cha mganga, jambo limekwisha, na apewe pole. Kama hana sababu, na ni mara ya kwanza, aonywe. Akirudia, onyo la maandishi. Akirudia tena, onyo la mwisho. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na onyo la mapema ndilo udongo wa kuzibia ufa. Mwajiri anayenyamaza mara kumi, kisha mara ya kumi na moja anamfukuza mtu kwa hasira za mara zote kumi, ameacha ufa kwa makusudi.

Na siku ambayo hakufanya kazi? Haidai mshahara kama haimo katika likizo yake. Lakini wako wanyapara wanaokata siku tatu kwa siku moja, ati iwe fundisho. Sheria haimpi mwajiri ruhusa ya kukata mshahara apendavyo. Makato yana njia zake, na hasira ya nyapara si mojawapo.

Tuseme sasa zimepita siku 8 za kazi, na hana habari. Hapo mwajiri ana haki ya kuanza shauri. Achunguze kwanza. Kisha amwandikie mashtaka kwa lugha anayoielewa, amtajie tarehe alizokosa, na ampe muda wa kujitayarisha usiopungua kwa kawaida saa 48. Mwajiriwa ana haki ya kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake wa kumsaidia. Anayeongoza kikao awe mkubwa wa kutosha, tena awe mtu asiyehusika na ugomvi wenyewe; nyapara aliyeshtaki asikae katika kiti cha kuhukumu. Mshtakiwa aseme, alete mashahidi wake. Akionekana ana kosa, aulizwe tena kama ana neno la kupunguza adhabu: amefanya kazi miaka mingapi, amewahi kuonywa, nyumbani kwake kuna nini. Kisha aambiwe uamuzi na sababu zake, na njia ya kukata rufaa.

Na kama ameitwa naye amekataa kuja bila sababu ya maana, kikao chaweza kuendelea bila yeye. Nalisema hili ili waajiri wasiseme kwamba sheria imewafunga mikono. Haikuwafunga. Imewataka waite kabla ya kuhukumu, basi.

Mwenye duka la watu watatu ataniambia, "Bwana mdogo, mimi sina ofisi wala makarani, nitaendeshaje mahakama nyuma ya magunia ya unga?" Namjibu, hapana anayekudai mahakama. Kanuni zenyewe zimekubali kwamba mahali padogo pana uwezo mdogo. Unachodaiwa ni kumwambia mtu kosa lake, kumpa siku mbili, kumruhusu aje na mwenzake, kumsikiliza mpaka mwisho, na kuandika. Daftari la shilingi chache latosha.

Liko na jambo la kutopendelea. Kama mtoto wa ndugu yako hukosa kila Jumatatu na hakuna neno, huwezi kumfukuza mtu wa mbali kwa kosa lilo hilo. Anayepima shauri atauliza kama kanuni ilijulikana kwa wote, na kama imetumika sawa kwa wote. Upendeleo wa mwaka uliopita waweza kukushinda katika shauri la mwaka huu.

Majirani zetu wa Kenya wana sheria ya ajira ya mwaka 2007, nayo ni kali: kukosa kazini bila ruhusa wala sababu ya halali kwaweza kuwa kosa la kufukuzwa papo hapo. Lakini sheria ile ile yamtaka mwajiri amweleze mtu sababu na kumsikiliza mbele ya mwenzake kabla ya kuamua. Na mahakama za huko zimewauliza waajiri waliosema "mtu ametoroka" swali moja: ulifanya nini kumtafuta? Asiye na jibu ameshindwa. Basi hata mahali ambapo upanga ni mkali, hauchomolewi kabla ya kuuliza.

Nimewasema waajiri kwa kirefu. Sasa nawageukia ninyi wafanyakazi wenzangu.

Kutuma habari ni wajibu wako. Siku hizi simu iko karibu kila nyumba, na kama huna salio, jirani anayo. Mpigie mkubwa wako wa kazi kabla zamu haijaanza, si jioni. Ukimtumia ujumbe, usiufute, maana huo ni ushahidi wako. Ukiwa mahututi, mkeo au mumeo au kijana wako apige. Usimwambie mwenzako mdomoni tu, "Kaniagie," kisha ukategemea kwamba amesahau njaa yake akakumbuka salamu zako. Ukienda hospitalini, rudi na cheti, kisha toa nakala. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nami naongeza kwamba mficha maradhi kazini daftari humwita mtoro.

Ukiomba ruhusa ukakataliwa, usiondoke kwa ukaidi. Uliza sababu, mwone mwakilishi wa chama chenu cha wafanyakazi, eleza haki yako kwa sheria. Mtu aliyeomba akanyimwa siku zake za msiba ana neno la kusema mbele ya wasuluhishi. Mtu aliyeondoka kimya ana kazi ngumu zaidi. Na kama mshahara haulipwi, dawa yake ni kudai mshahara kwa njia zake. Kukaa nyumbani kimya kunambadilisha mdaiwa kuwa mshtaki, na wewe mdai kuwa mshtakiwa.

Tena tuache kuwafichia wenzetu. Iko desturi ya kumwandikia mwenzako saini katika daftari naye yuko mjini. Tunaiita undugu, lakini ni wizi unaofanywa kwa kalamu. Safari ya saini za uongo ina mwisho unaojulikana: mwaka 2016 Serikali ilitangaza kwamba imewaondoa katika orodha za mishahara watumishi hewa zaidi ya 10,000. Nchi inayolipa majina yasiyo na watu ilianza kwa kuzoea kuhesabu watu wasiokuwapo.

Mwisho nasema na viongozi wa matawi. Mwanachama akija kwenu na kusema, "Nimefukuzwa kwa utoro," msikimbilie kupiga simu kwa mkubwa mnayemjua ili arudishwe. Hiyo si kazi ya chama, na leo ikimsaidia huyu, kesho itamwumiza mwingine asiye na mkubwa. Muulizeni mambo manne. Ulikosa siku ngapi za kazi, na kwa sababu gani? Ulitoa habari, na una kitu cha kuonyesha? Uliitwa ukasikilizwa? Na uliambiwa lini kwamba umeachishwa?

Swali hili la nne ndilo linalowapotezea wengi haki yao. Anayedai kwamba ameachishwa kwa uonevu hupeleka lalamiko lake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na muda wake ni siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Kwanza hutafutwa suluhu; ikishindikana, shauri huamuliwa, na Tume yaweza kuagiza mtu arudishwe kazini au alipwe fidia. Lakini wenzetu wengi huzimaliza siku 30 wakizunguka. Juma la kwanza wanangoja hasira ya bwana ipoe, juma la pili wanamtafuta mjomba aliye ofisi ya wilaya, juma la tatu wanakuja tawini, na sisi tunawaambia rudi Jumatatu. Akifika mbele ya Tume siku ya 40, swali la kwanza litakuwa amechelewa kwa nini, na haki yake nzuri itakaa nje ya mlango ikingoja jibu. Watumishi wa umma nao, wakiwamo walimu, wana kanuni zao na tume zao. Msiwapeleke mahali pasipo pao.

Kwa hiyo katibu wa tawi akisikia neno "nimefukuzwa", jambo la kwanza atazame kalenda. Kisha amwelekeze mtu siku hiyo hiyo. Na kama baada ya maswali yale manne anaona wazi kwamba ndugu huyu alikuwa akilewa na kuonywa mara tatu, amwambie kweli usoni pake kwamba chama hakitamtetea kwa uongo. Tukimtetea mtoro wa kweli, siku tutakapomtetea mgonjwa hatutasadikiwa.

Ndugu zangu, mko wanyapara hapa, mko waajiri, mko vibarua. Kesho asubuhi majina yataitwa tena katika viwanda, mashamba, maduka na shule, na lazima mmoja hataitika. Nawaomba mtakaokuwa na daftari mkononi, kabla ya kuliandika neno mtoro mbele ya jina lake, mwulize habari zake. Na wewe utakayekuwa kitandani unaumwa, mwambie mtoto wako achukue simu apige sasa hivi, kabla zamu haijaanza.